Pumu ya utotoni: "akikua itaisha" na mengine tunayoambiana

Juni ikiingia mjini Moshi, ukungu ukashuka na vifua vya watoto vikaanza kupiga filimbi usiku, mama mwenye mtoto wa pumu huambiwa neno lile lile na majirani: vumilia, akikua itaisha.

DHANA: Pumu huisha mtoto akibalehe.

UKWELI: Haifi dhana hii kwa sababu ina ukweli ndani yake. Watoto wengi hupata nafuu kubwa wakiingia ujana, hasa wavulana. Lakini kutulia si kupona. Mtu anaweza kukaa miaka bila kubanwa huku njia zake za hewa zikiwa bado zimevimba kidogo na ni nyepesi kusinyaa.

Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 tangu wakiwa watoto. Kati ya 613 waliokuwa na taarifa kamili za kifua, 168 walitulia baada ya kusumbuliwa na filimbi ya kifua, lakini 76 kati ya hao ikawarudia kabla hawajavuka miaka 26. Wengine 89 haikuwaacha kabisa. Waliokuwa katika hatari zaidi ya kuendelea nayo ni wanawake, waliovuta sigara, na wenye mzio wa vidudu vya vumbi la nyumbani.

Hilo la wanawake tulishike. Utotoni pumu huwapata zaidi wavulana. Baada ya kubalehe mambo hugeuka. Binti aliyetulia akiwa darasa la saba anaweza kuolewa, akaanza kukesha kwenye moshi wa kuni akichemsha ndizi za mbege, pombe ya ndizi, kifua kikabana upya. Ataambiwa ni mafua, au amerogwa, na yeye mwenyewe hatakumbuka kumwambia daktari kwamba alikuwa na pumu. Aliyewahi kuwa nayo aitaje kila anapotibiwa, hasa akiwa mjamzito au kabla ya upasuaji.

DHANA: Pampu ya kuvuta dawa ni tiba ya mwisho. Ukiianza huachi.

UKWELI: Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawanyima watoto dawa ambayo ipo. Pampu haileweshi wala haimfanyi mtu awe mtumwa wake. Dawa ikivutwa huenda moja kwa moja kwenye mapafu, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha kuliko cha vidonge. Salbutamol hufungua njia za hewa kwa muda tu. Uvimbe wenyewe hutulizwa na dawa ya aina ya steroidi, kama beklometasoni, inayovutwa kila siku hata kifua kikiwa shwari. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, haupendekezi tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa salbutamol peke yake.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta vizuri bila chombo cha kati. Chupa ya maji ya nusu lita inafaa: toboa kitako, tundu litoshe mdomo wa pampu, ziba pembeni pasivuje. Bonyeza mara moja, mtoto apumue taratibu mara kadhaa kupitia shingo ya chupa, ndipo ubonyeze tena.

DHANA: Mwenye pumu asikimbie.

UKWELI: Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu, na mwaka 2008 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin kwa saa 2:03:59. Pumu ikidhibitiwa, mtoto acheze.

DHANA: Inaambukiza, usichangie kikombe.

UKWELI: Haiambukizi hata kidogo.

DHANA: Pumu yake ni ndogo, haiwezi kumuua.

UKWELI: Inaweza, hata iliyoonekana nyepesi miaka yote. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea akivuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipomsaidia, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mwendelee kumpa salbutamol njiani.