Je, wajua kwa nini wasomi wa sinema ya Afrika huanza na ratiba ya tamasha kabla ya filamu?

Faili la mtafiti wa sinema ya Afrika likifunguliwa, kinachotangulia kutoka mara nyingi si filamu. Ni ratiba ya tamasha: karatasi yenye majina ya kumbi, saa na vichwa vya filamu, vingine vimekatwa kwa kalamu na badala yake kuandikwa kando. Karatasi hiyo ina thamani kwa sababu ya kihistoria. Kwa miaka mingi, filamu ya Mwafrika ilikuwa na mahali pachache mno pa kuonekana nje ya tamasha.

Katika makoloni ya Ufaransa, amri ya mwaka 1934 ilimlazimu mtu kuomba kibali kabla ya kupiga filamu. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo aliyesomea sinema Paris, alinyimwa ruhusa ya kupiga filamu Afrika, ndipo yeye na wenzake wakaitengeneza Afrique-sur-Seine ya 1955 hukohuko Paris. Vieyra baadaye akawa mtengenezaji filamu na mwanahistoria kwa wakati mmoja, na maandishi yake bado ni mahali pema pa kuanzia. Uhuru ulipokuja, kalamu ya kibali iliondoka lakini ufunguo wa ukumbi haukurudi. Kampuni mbili, COMACICO na SECMA, ndizo zilizoshika usambazaji wa filamu na kumbi nyingi za Afrika Magharibi iliyotumia Kifaransa. Zilileta filamu zilizokwisha kulipiwa kwingine, kwa bei ya chini, na ya mwongozaji wa Dakar ikabaki mlangoni.

Matamasha yakaziba pengo hilo. Dakar iliandaa tamasha la sanaa za watu weusi duniani Aprili 1966. Mwishoni mwa mwaka huohuo likaanza tamasha la filamu la Carthage, Tunisia. Februari 1969 wiki ya sinema ya Afrika ikafanyika Ouagadougou, kamati yake ikiongozwa na Alimata Salembéré, na Julai Algiers ikapokea tamasha la utamaduni la Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Kati ya hayo, la Ouagadougou ndilo lililokua kuwa FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika. Kwa nini huko, katika nchi isiyo na bahari wala utajiri? Ukizitazama filamu peke yake hupati jibu. Jibu liko kwenye kumbi. Januari 1970, baada ya mvutano juu ya bei za tiketi, serikali ya Volta ya Juu (Burkina Faso ya leo) ilizitaifisha kumbi za sinema na kuzikabidhi shirika la umma. Kampuni zikaisusia nchi kwa kuinyima filamu. Kwa hiyo Ouagadougou ilikuwa na kumbi mkononi na njaa ya filamu za kuzijaza, mambo mawili ambayo tamasha haliwezi kuishi bila hayo. Mwaka 1972 mashindano yakaanza, na tuzo ya Farasi wa Yennenga, kwa jina la binti mfalme wa simulizi za Wamosi, ikaenda kwa Oumarou Ganda wa Niger.

Manthia Diawara, msomi mzaliwa wa Mali, aliieleza kwa makini siasa hiyo ya usambazaji katika kitabu chake cha 1992. Lindiwe Dovey wa chuo kikuu cha SOAS, London, aliyeshiriki kuanzisha tamasha la Film Africa mwaka 2011, akalifanya tamasha lenyewe kuwa mada ya kitabu chake cha 2015: nani anachagua filamu, anamchagulia nani, na watazamaji wanajibu vipi. Hilo la watazamaji ndilo gumu kuliko yote, nitalirudia.

Kazi yenyewe huanza na jedwali. Kila onyesho lina mstari wake, si kila filamu, kwa kuwa filamu moja yaweza kuonyeshwa mara 3 katika kumbi 3. Nguzo za jedwali ni kichwa cha filamu katika kila lugha kilipotokea, mwaka ilipokamilika, mwongozaji, aina ya nakala, dakika, lugha ya mazungumzo, lugha ya maandishi ya chini, ukumbi, siku na saa. Mwaka wa filamu na mwaka wa tamasha viwe nguzo mbili. Tangu 1979 FESPACO hufanyika miaka ya witiri, hivyo filamu iliyokamilika mwaka wa shufwa husubiri. Na anayekariri kwamba tamasha ni Februari atakosea toleo la 2021, lililosogezwa hadi Oktoba kwa sababu ya korona.

Nguzo ya nchi ndiyo inayowaangusha wengi. Farasi wa dhahabu, tuzo kuu ya FESPACO, wa 2019 alikwenda kwa Joël Karekezi wa Rwanda, lakini hadithi ya filamu yake inatokea msituni Kongo, picha zilipigwa Uganda, na sehemu ya fedha ilitoka Ulaya. Mshindi wa 2021, Khadar Ayderus Ahmed, ni Msomali aishiye Finland, na filamu yake ya Kisomali ilipigwa Djibouti. Ukiandika nchi moja tu, umepoteza nusu ya habari. Weka nguzo 3: anakotoka mwongozaji, zilikotoka fedha, zilikopigwa picha.

Jedwali likikamilika, linapambanishwa na magazeti ya siku hizo. Katalogi huchapishwa majuma kadhaa kabla ya ufunguzi. Inaeleza nia ya waandaaji, haithibitishi kilichotokea. Ili kujua pengo linatoka wapi, fikiria uzito wa mkanda. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye projekta kwa picha 24 kila sekunde, yaani mita 27 na ushei kila dakika. Filamu ya dakika 90 ni karibu mita 2,470. Ikigawanywa katika rili (magurudumu ya kuzungushia mkanda) za mita 600, kila moja ya dakika 22 hivi, unapata rili 5 na mzigo wa zaidi ya kilo 20, unaopaswa kupanda ndege, kupita forodha na kufika kwenye ukumbi sahihi. Rili moja ikikwama uwanja wa ndege, onyesho linaahirishwa au filamu nyingine inawekwa. Katalogi haitakuambia hayo. Ratiba iliyokatwa kwa kalamu itakuambia.

Mkanda pia unaeleza filamu zisizokuwamo. Hadi toleo la 2013, shindano kuu la FESPACO lilidai nakala ya milimita 35. Nakala za dijitali ziliruhusiwa kuanzia 2015. Gharama ya kutengeneza nakala hiyo iliwafungia nje waliokuwa wakifanya kazi kwa video, Wanigeria wakiwa wengi miongoni mwao. Kwa hiyo anayehesabu filamu za shindano kuu la miaka hiyo na kuhitimisha kwamba Nigeria ilitengeneza filamu chache, anapima sheria ya tamasha akidhani anapima nchi. Kosa hilohilo humkumba anayetafuta filamu za video za Dar es Salaam humo.

Dakika nazo zichunguzwe. La Noire de… ya Ousmane Sembène, iliyotoka 1966, ina toleo la karibu saa moja na jingine refu zaidi lenye kipande cha rangi. Ukilinganisha mapokezi ya miji miwili bila kujua kila mji uliona toleo lipi, unaweza kuwa unalinganisha filamu mbili.

Sasa watazamaji. Tiketi zilizouzwa hazitoshi, kwa sababu wenye beji huingia bila tiketi na wengine huondoka katikati. Mtafiti makini huhesabu mara mbili, dakika 10 baada ya picha kuanza na tena kabla ya taa kuwaka, na huandika amesimama upande gani. Huko Zanzibar, tamasha la kimataifa la filamu, ZIFF, limekuwa likionyesha filamu usiku chini ya anga katika Ngome Kongwe, na maonyesho mengine yamepelekwa vijijini. Filamu ya Kiwolof ikiwa na maandishi ya chini ya Kiingereza, swali si watu wangapi wamekaa bali wangapi wanasoma. Jirani anamtafsiria jirani, mzee anauliza, mtoto anajibu kwa sauti, na kicheko kinakuja sekunde kadhaa baada ya mzaha. Sekunde hizo ni data. Zinarekodiwa kwa saa na kalamu, au kwa kinasa sauti kilichowekwa kwa ruhusa ya waandaaji, kwa sababu kesho yake hakuna atakayezikumbuka.

Nyaraka zenyewe hazina maisha marefu. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki ya filamu za zamani, ukikaa kwenye joto na unyevu hutoa harufu ya siki, hujikunja, na huambukiza makopo ya jirani. Mafuriko ya Septemba 1, 2009 yaliyoipiga Ouagadougou yaliingia hata kwenye hifadhi ya tamasha. Karatasi huliwa na mchwa, au hutupwa na wanaohamisha ofisi.

Kwa hiyo ukikuta ratiba ya tamasha la zamani sandukuni, isinyooshwe kwa pasi wala isibanwe kwa gundi ya plastiki. Ipige picha pande zote mbili mchana, kivulini, kipimio kikiwa kando ili ukubwa wake ujulikane. Andika ilipopatikana na ilikuwa ya nani, kisha uitie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaohifadhi unyevu. Na alama za penseli zilizo pembeni usizifute. Mara nyingi ni za mwendesha projekta, na yeye ndiye aliyejua ni rili ipi iliyofika.