Je, Wajua Kwa Nini Matajiri Hununua Klabu za Ireland Zisizo na Faida?

Kwa miaka mingi zawadi ya bingwa wa Ligi ya Ireland ilikuwa kama euro 110,000, fedha ambazo hazikaribii kulipa mishahara ya msimu mmoja ya kikosi cha wachezaji walioajiriwa muda wote. Haki za televisheni huingiza kidogo mno, viwanja vingi hubeba watazamaji elfu chache, na kilomita mia chache ng'ambo ya bahari iko Ligi Kuu ya Uingereza inayowateka mashabiki wa Ireland tangu utotoni. Hata hivyo, ndani ya miaka kumi hivi klabu za ligi hiyo zimepata wamiliki kutoka Chicago, Alabama na Uturuki, pamoja na mabilionea wa Ireland kwenyewe. Wanatafuta nini?

Wanachonunua si mapato ya leo. Wananunua nafasi ya kucheza Ulaya na nafasi ya kuuza vijana, na hizo mbili ndizo zinazoeleza pia kwa nini bajeti za klabu hizi hupanda na kuporomoka kwa kasi isiyo ya kawaida.

Tuanze na Ulaya, maana hapo hesabu iko wazi. Ligi ya Ireland ina madaraja mawili, na tangu mwaka 2003 msimu wake huchezwa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, kuanzia Februari hadi vuli, kwa hiyo raundi za awali za Ulaya zinapofika mwezi Julai wachezaji wake wamo katikati ya msimu na wamekwisha kuiva. Mwaka 2024 Shamrock Rovers ya Dublin iliitoa Víkingur ya Iceland katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Sparta Prague, ikaangukia Europa League, shindano la pili kwa hadhi, ikaitoa Celje ya Slovenia, kisha ikafungwa na PAOK ya Ugiriki. Ilivuka raundi mbili na kutolewa katika mbili, na bado ikaingia hatua ya ligi (hatua kuu baada ya mchujo) ya Conference League, shindano la tatu kwa hadhi, kwa sababu mabingwa wa nchi ndogo wamewekewa njia ya kuwaokoa kila wanapoanguka.

Kuingia tu hatua hiyo kulilipa euro milioni 3.17 kwa kila klabu. Kila ushindi uliongeza euro 400,000 na kila sare euro 133,000. Rovers ilishinda mechi tatu, ikatoka sare mbili na kupoteza moja, ile ya Chelsea, kwa hiyo kwa vipengele hivyo pekee ilikusanya zaidi ya euro milioni 4.6, bila kuhesabu malipo ya raundi za awali wala viingilio. Hiyo ni zaidi ya mara arobaini ya zile euro 110,000. Mwaka uliofuata Shelbourne nayo iliungana na Rovers katika hatua hiyohiyo, na ikawa mara ya kwanza kwa klabu mbili za Ireland kufika huko pamoja. Mwekezaji akitazama hesabu hiyo huona kwamba kuongeza mishahara kidogo katika ligi yenye wapinzani wachache wenye fedha kunaweza kumfikisha mahali ambapo katika nchi kubwa angelazimika kumwaga mamilioni mengi.

Jambo la pili lililetwa na siasa. Zamani kijana wa Ireland mwenye kipaji aliondoka akiwa na miaka 16 kwenda akademi ya Uingereza, na klabu iliyomlea iliambulia kidogo. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021 klabu zake zilipoteza ruhusa ya kusajili wachezaji wa nje walio chini ya miaka 18, kwani kanuni za FIFA huruhusu uhamisho wa vijana wa miaka 16 hadi 18 ndani ya Ulaya ya Umoja tu. Kijana sasa hubaki nyumbani, hucheza mechi za wakubwa, na bei yake hupanda. Mason Melia wa St Patrick's Athletic aliafikiwa kuhamia Tottenham mwezi Februari 2025 kwa ada iliyoripotiwa kuvunja rekodi ya ligi nzima, huku ikikubaliwa kwamba angeendelea kuichezea klabu yake hadi Januari 2026. Mauzo kama hayo huambatana mara nyingi na asilimia ya fedha mchezaji atakapouzwa tena, na asilimia hiyo ni mali ambayo haionekani kwenye jedwali la msimamo.

Kitu kimoja ambacho wawekezaji wa sasa mara nyingi hawakipati ni ardhi, na ni heri iwe hivyo. Mwaka 1987 familia iliyomiliki Shamrock Rovers iliuza uwanja wa Glenmalure Park uliokuwa Milltown, nyumba zikajengwa pale, na klabu yenye mataji mengi kuliko zote nchini ikatangatanga kwa muda wa miaka 22 hadi ilipoingia Tallaght mwaka 2009, katika uwanja wa halmashauri ya South Dublin. Bohemians nao, baada ya mpango wao wa kuuza Dalymount Park kwa mjenzi kusambaratika pamoja na soko la nyumba, waliuuza kwa halmashauri ya jiji la Dublin mwaka 2015 kwa euro milioni 3.8. Uwanja ukiwa mikononi mwa umma, mmiliki mpya hana kiwanja cha kukata vipande.

Udhaifu wa biashara hii unaonekana vizuri zaidi Dundalk, mji ulio karibu na mpaka wa Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2012 klabu hiyo ilikuwa taabani na mkiani mwa ligi. Wafanyabiashara wawili wa hapohapo, Andy Connolly na Paul Brown, waliichukua, wakamwajiri kocha Stephen Kenny, na kufikia mwaka 2016 ilikuwa imetwaa ubingwa mara tatu mfululizo na kucheza makundi ya Europa League. Januari 2018 kampuni ya uwekezaji ya PEAK6 ya Chicago ikainunua. Ubingwa mwingine ulikuja mwaka 2018 na 2019, na mwaka 2020 Dundalk ilikutana na Arsenal kwenye makundi. Lakini kikosi chenye mishahara ya Ulaya kinahitaji Ulaya kila mwaka, na mwaka 2021 Wamarekani waliondoka, klabu ikarudi kwa wenyeji. Mwishoni mwa 2023 ikapata mmiliki mwingine, Brian Ainscough, ambaye Septemba 2024 alieleza kwamba hawezi kuendelea kuigharamia. Wakili John Temple akaingia kuinusuru, ila timu ikashuka daraja msimu huohuo, kabla ya kurejea kwa kushinda daraja la kwanza mwaka 2025.

Shirikisho la Soka la Ireland (FAI) liliwahi kuweka kanuni kwamba mishahara ya wachezaji isizidi asilimia 65 ya mapato ya klabu. Kanuni ya namna hiyo inasaidia, lakini haiwezi kuzuia mapato yenyewe kutoweka, na mtu mmoja anapokuwa ndiye anayeziba pengo kila mwezi, kuondoka kwake ndiko kufilisika.

Ndiyo maana mashabiki wamekuwa wakichukua klabu wenyewe. Bohemians inamilikiwa na wanachama, na imejifunza kuuza jezi zenye sura ya pekee hadi nje ya nchi. Cork City ilipofilisiwa, chama cha mashabiki cha FORAS kiliisimamisha upya mwaka 2010 na mwaka 2017 ikatwaa ligi na kombe. Hata hivyo, miaka michache baadaye wanachama haohao walipiga kura ya kumuuzia Dermot Usher, kwa kuwa michango na bahati nasibu havikutosha kushindana. Kwa maoni yangu mpango wenye akili zaidi ni wa Shamrock Rovers, iliyookolewa na mashabiki mwaka 2005: wanachama wameshika nusu ya hisa, Ray Wilson robo, na Dermot Desmond, mwanahisa mkubwa wa klabu ya Celtic ya Scotland, robo iliyobaki. Matajiri wanaleta mtaji, lakini hawawezi kuiuza klabu kinyume na matakwa ya wanachama.

Mtaji wa nje nao una masharti yasiyotazamiwa. Trivela Group ya Alabama, inayomiliki pia Walsall ya Uingereza, ilinunua Drogheda United, na Novemba 2024 timu hiyo ikatwaa Kombe la FAI kwa kuifunga Derry City mabao 2-0, ikapata tiketi ya Conference League. Silkeborg ya Denmark, ambayo nayo ina mkono wa Trivela, ikafuzu mashindano hayohayo. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, hairuhusu klabu mbili za mwenye mamlaka mmoja kushiriki shindano moja, na muda wa kutenganisha umiliki ulikuwa umepita tangu tarehe 1 Machi 2025. Drogheda ilienguliwa, na mwezi Juni Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikatupa rufaa yake, kwa hiyo fedha za Ulaya, ambazo ndizo sababu kubwa ya kununua klabu ya Ireland, zilipotea kwa sababu ya mmiliki aliyekuja kuzitafuta.