Ibn al-Haytham na kilemba cha ukoka

Hasan ibn al-Haytham, mwanahisabati na mwanafizikia aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Kairo yapata 1040, hana haja ya sifa za bandia. Hata hivyo, mitandaoni huvishwa kilemba cha ukoka kila kukicha.

Dhana: Alivumbua kamera.
Wachina na Wagiriki walikwishaona kabla yake kwamba mwanga ukipenya tundu dogo huchora taswira upande wa pili. Yeye alilipima jambo hilo kwa vitendo. Katika Kitab al-Manazir, kitabu chake kuhusu mwanga na kuona, anaeleza: panga taa kadhaa mahali mbalimbali, zote zielekee tundu moja linaloingia kwenye giza. Ukutani yatatokea madoa ya mwanga, idadi sawa na taa. Ziba taa moja, doa lake tu ndilo litakalopotea, zibua, linarudi. Maana yake mianga yote imepita tundu lile lile bila kuchanganyika, kila mmoja ukishika mstari wake.

Ukitaka kujaribu, chukua boksi la urefu wa sentimita 30, bandika foili upande mmoja na uitoboe kwa ncha ya sindano, tundu lisifike milimita 1. Upande wa pili bandika karatasi laini inayopitisha mwanga. Tundu likiwa pana, kila nukta ya taa huchora duara kubwa, maduara yanapandana na taswira inafifia kingo. Likiwa dogo mno, mwanga ni haba na hutawanyika. Hilo la upana yeye mwenyewe aliliona: jua likipatwa nusu huchora hilali ukutani iwapo tundu ni finyu, lipanue, hilali inatoweka.

Dhana: Neno “kamera” ni la Kiarabu, “qumra”.
Ni la Kilatini: camera obscura, chumba chenye giza. Kufanana kwa sauti si ukoo.

Dhana: Inajulikana wazi kwamba alijifanya mwendawazimu kumkwepa khalifa al-Hakim, mtawala wa Misri.
Msimulizi ni mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyefariki 1248, miaka mia mbili na ushei baadaye. Huenda ni kweli. Lakini tuisimulie kama simulizi.

Dhana: Alilieleza jicho kama tunavyolijua leo.
Alifika nusu ya njia. Euclid na Ptolemy, wataalamu wa kale wa Kigiriki, walishika kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Yeye akaonyesha kuwa mwanga ndio unaoliingia, kwani ukali wa jua huliumiza. Kikwazo kilikuwa taswira iliyopinduka, kama inavyopinduka ikipita tundu dogo, ambayo hakuikubali ndani ya jicho. Kwa hiyo akaweka hisi ya kuona kwenye uso wa mbele wa lenzi, na kuhesabu miale inayougonga wima tu. Ni mwanaastronomia Kepler, mwaka 1604, aliyeikubali taswira hiyo miguu juu na kuiweka nyuma, kwenye retina, utando wa ndani ulio nyuma ya jicho.