Tani za kambakochi zinaposhuka, nani kapungua?

Kwa miongo kadhaa, hadi miaka ya 1980, wavuvi wa jimbo la Maine, Marekani, walikuwa wakishusha takriban tani 9,000 za kambakochi kwa mwaka. Kisha takwimu zikapaa, na mwaka 2016 zikafika tani 60,000. Mwaka 2024 hazikufika hata 40,000. Wengi wakiona mchoro huo husema palepale kwamba wavuvi walipora bahari na sasa wanalipia. Mimi nasema tusubiri kidogo.

Tuanze na mtego wenyewe. Watafiti waliwahi kufunga kamera juu ya mtego chini ya bahari, wakakuta kambakochi wengi wanaingia, wanakula chambo, kisha wanatoka walikoingilia. Kwa hiyo anayepandishwa juu ni yule tu aliyechelewa kutoka. Na maji yakipata joto, kambakochi hutembea zaidi, hula zaidi na hujivua gamba na kukua mapema, hivyo mavuno yanaweza kupanda bila hata mmoja kuongezeka baharini. Mwaka 2012 joto lilipozidi, walijivua gamba wiki kadhaa kabla ya msimu wao. Soko likafurika, bei ikaporomoka.

Hata hivyo, huko Maine waliongezeka kweli. Chewa wa Atlantiki, aliyekuwa akiwala wadogo, alikuwa ameshavuliwa karibu kumalizwa. Sheria nazo zilisaidia: mvuvi hupima gamba la mgongo kuanzia tundu la jicho, na aliye chini ya milimita 83 au zaidi ya 127 hurudi majini. Jike mwenye mayai hukatwa alama ya V kwenye pezi la mkia kisha huachiwa. Mvuvi mwingine akimnasa baadaye, hata kama hana mayai, alama hiyo humlinda.

Joto lilelile lililonufaisha kaskazini, huko Maine, liliumiza kusini. Maji yakikaa juu ya nyuzi 20, kambakochi hawa hudhoofika. Mwaka 1999 walikufa kwa wingi katika mlangobahari wa Long Island, karibu na New York, na uvuvi wa huko haujarudi ulivyokuwa.

Ndiyo maana sisi tunaofuatilia uvuvi huangalia watoto kabla ya tani. Australia Magharibi huhesabu wachanga wanaotua kwenye vitegeo vilivyotengenezwa kama mwani, na hesabu hiyo hutabiri mavuno ya miaka mitatu hadi minne ijayo. Msimu wa 2008/09 wachanga walikuwa haba mno. Serikali haikungoja mitego irudi mitupu: uvuvi ulipunguzwa mapema, na mavuno yaliyozoeleka kuwa karibu tani 11,000 yakashushwa hadi 5,500.

Anayesoma tani hizo za Australia peke yake ataona anguko. Lakini kwenye mashua za huko, baada ya uvuvi kupunguzwa, kila mtego uliovutwa ulianza kutoka na kambakochi wengi kuliko zamani.