Bei ya Chini Haijazi Nyumba ya Wageni

Wenye nyumba za kupangisha watalii Entebbe na Jinja, Uganda, wengi wanaamini hivi: weka nyumba Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, shusha bei kuliko jirani, wageni watajileta. Si kweli. Mgeni anayetua Entebbe saa nane usiku anataka kwanza uhakika kwamba geti litafunguliwa. Bei ikiwa ya kutupa, ndiyo kwanza anashuku.

Airbnb hupanga matokeo kwa kuangalia bei, ndiyo, lakini pia ubora, umaarufu na mahali nyumba ilipo. Cheo chake cha Superhost, yaani mwenyeji bora, hakitaji bei hata kidogo: kinadai, pamoja na mengine, wastani wa nyota 4.8, kujibu asilimia 90 ya ujumbe ndani ya saa 24, na mwenye nyumba kughairi chini ya asilimia 1 ya nafasi zilizowekwa. Hapo kwenye kughairi ndipo wengi huanguka. Nyumba iko Airbnb na Booking.com, mtandao mwingine wa kuweka nafasi, kalenda za nafasi hazijaunganishwa, wageni wawili wanalipia usiku mmoja, na mmoja lazima afukuzwe.

Maelezo nayo! “Nyumba nzuri karibu na Nile” haimwambii mtu kitu. Andika ni dakika ngapi kwa boda mpaka mtoni, umeme ukikatika kuna inverta au jenereta, tangi la maji ni la lita ngapi, chandarua kipo kila kitanda. Picha za sebule zipigwe mchana, mapazia wazi. Punguzo liweke kwa anayekaa wiki nzima. Huyo anakupunguzia kufua mashuka.