Menyu za zamani: karatasi ya kutupwa inayotunza historia ya mlo

Menyu huchapwa isomwe mara moja, imwagikiwe mchuzi, kisha itupwe. Ndiyo maana sisi wahifadhi wa nyaraka tunaithamini: aliyeiandika hakuwa akijipamba mbele ya historia, alikuwa akiuza chakula.

Karibu mwaka 1900, Frank E. Buttolph, ambaye licha ya jina hilo alikuwa mwanamke, alianza kuikusanyia menyu Maktaba ya Umma ya New York. Alifariki 1924 akiwa ameacha zaidi ya 25,000. Mwaka 2011 maktaba hiyo iliwaalika watu wa kawaida kunakili kupitia intaneti majina ya vyakula na bei zake.

Mimi huanza na lugha kabla ya chakula. Menyu ya mkahawa wa Delmonico's wa New York ya 1838 ina Kiingereza na Kifaransa. Kifaransa kilikuwa mapambo, lakini pia kilimchuja mteja: asiyekijua alijua mapema kwamba pale si pake. Ipo hata mikahawa iliyowapa wanawake menyu zisizo na bei, kwa kudhani kuwa mwanamume ndiye atakayelipa.

Halafu tazama vilivyopandishwa na vilivyotoweka. Katika menyu nyingi za Marekani za mwisho wa karne ya 19, selari mbichi ina mstari wake na bei yake. Ilikuwa mboga ya fahari, kwa kuwa mkulima alilazimika kufukia mabua yake ili yawe meupe na laini. Supu ya kasa ilikuwa ya kawaida kwenye karamu kubwa. Bata-mwitu nao walijaa, hadi uwindaji wa kibiashara ukapigwa marufuku.

Lakini tusiiamini menyu kupita kiasi. Maarufu kuliko zote ni ya mkahawa wa Voisin, Paris, Krismasi ya 1870, jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani, likiwa limeuzingira mji. Juu imeandikwa siku ya 99 ya kuzingirwa. Chini yake supu ya tembo, ngamia wa kuoka, paka aliyezungushiwa panya, na mvinyo wa kifahari. Tembo mashuhuri wa mji huo, Castor na Pollux, walipigwa risasi siku chache baada ya Krismasi. Basi supu ile ilitoka kwa tembo yupi? Menyu hutaja kilichoahidiwa, si lazima kilicholiwa. Kwa hiyo naipenda zaidi ile iliyochafuka, yenye mstari wa penseli juu ya chakula kilichokwisha jikoni.