Made in Japan: yanayosemwa na yaliyotokea

Wanaosema albamu hii ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, ilirekodiwa usiku mmoja Tokyo wamekosea. Maonyesho yalikuwa matatu, Agosti 1972: tarehe 15 na 16 Osaka, tarehe 17 Tokyo katika ukumbi wa Budokan. Budokan ndiyo yenye jina kubwa, lakini ilitoa nyimbo mbili tu kati ya saba, "The Mule" na "Lazy". Uti wa mgongo wa albamu ni usiku wa pili wa Osaka.

Wengine huamini bendi iliipanga kwa muda mrefu. Waliotaka irekodiwe ni kampuni ya santuri ya Japani, ikauzwe hukohuko. Bendi ilikubali, ikamchukua fundi wake wa sauti, Martin Birch, na mashine ya kurekodia ya njia nane.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mngurumo wote ule ni wa gitaa. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa, anasifiwa kwa jasho la Jon Lord, mpiga kinanda! Lord alikiunganisha kinanda chake cha Hammond na amplifaya za Marshall, zile zile za wapiga gitaa, kikaacha upole wa kanisani kikaanza kukwaruza. Vaa visikilizi usikilize mwanzo wa "Lazy". Sauti ile nzito inayojikunjakunja, inayopanda na kuguna, ni kinanda. Gitaa linakuja baadaye.

Kuna pia wanaoshuku kwamba mambo yalinyooshwa studio. Wanabendi wenyewe wamesisitiza kwamba hawakuongeza kitu, na masikio yangu yanawaamini. Katika "Strange Kind of Woman", Blackmore anatupa noti, mwimbaji Ian Gillan anaidaka kwa koo lake na kuirudisha ilivyo. Inakuja nyingine, ya juu zaidi. Wanajibizana kama malenga wawili ukumbini, kila mmoja akimvizia mwenzake, mpaka Gillan anapiga ukelele mrefu. Majibizano ya namna hiyo hayapikwi studio.

"Space Truckin'" inakaribia dakika 20, upande mzima wa santuri. Si kujaza nafasi. Jukwaani waliinyoosha hivyo, Ian Paice kwa ngoma na Roger Glover kwa gitaa la besi wakishikilia mwendo chini huku Lord akirandaranda juu.

Na picha ya jalada la Uingereza, ambayo watu huitazama wakidhani wanaiona Japani, ilipigwa London, katika ukumbi wa Rainbow.